Orodha Kamili: Hotuba kuhusu Kurekodi Ndege kwa Simu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya waongoza wageni, walimu na vijana wa vikundi vya mazingira kutoka Watamu, Gede na Dakatcha, kaunti ya Kilifi.

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, ndugu zangu waongoza wageni, na ninyi vijana mliofika kutoka Dakatcha vumbi la safari likiwa bado miguuni, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie namna ya kurekodi ndege kwa programu ya simu, na nadhani walioniomba walitaraji nisimame hapa nionyeshe ni kitufe kipi kinabonyezwa kwanza na ni kipi kinafuata. Hilo tutalifanya kesho ukingoni mwa hori la Mida, kila mtu akiwa na simu yake mkononi, kwa sababu kitufe hakifundishiki kwa maneno. Leo ningependa tuzungumze juu ya kile tunachokiandika: kina thamani gani, na kwa nini orodha yenye kunguru, shomoro na njiwa inaweza kuwa na manufaa kuliko orodha yenye bundi mmoja adimu peke yake.

Niwarudishe nyuma kidogo. Atlasi kubwa ya ndege wa Kenya ilichapishwa mwaka 1989, nayo ilijengwa kwa madaftari na karatasi za watu wengi ambao baadhi yao hawakuwahi hata kuonana. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini miraba ya ramani zake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba msitu, mji na shamba la mkonge viliweza kuangukia katika mraba mmoja, na msomaji akabaki hajui ndege anayetajwa alionekana wapi hasa. Mwaka 2013 ukaanzishwa mradi wa Kenya Bird Map, wenye washirika kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, ambalo kituo chake wengi wenu mnakijua kwa kuwa kiko hapa Watamu. Mradi huo ulifuata utaratibu uliokuwa ukitumika Afrika Kusini tangu mwaka 2007, wa kuigawa nchi nzima katika miraba midogo iitwayo pentadi. Pentadi moja ina dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, na kwetu sisi tulio karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 9 kwa 9. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, hauenei katika mraba mmoja wala miwili. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba amerekodi ndege wa Arabuko, swali langu la kwanza ni upande gani.

Zamani swali hilo lilihitaji ramani ya karatasi na mtu mwenye subira. Siku hizi tuna programu kama BirdLasser, iliyotengenezwa Afrika Kusini, ambayo hutumia setilaiti kujua uko mraba gani, na kila unapochapa herufi chache za jina la ndege na kulichagua, huhifadhi jina, saa na mahali kwa pamoja. Haihitaji mtandao wakati huo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewakuta vijana waliokaa nyumbani Jumamosi nzima wakisema hawakuwa na bando. Simu hupokea ishara ya setilaiti hata mahali pasipo na mnara wowote, na orodha husubiri hadi utakapofika penye mtandao ndipo uitume. Kinachohitajika porini ni chaji, basi.

Sasa nije kwenye kanuni. Ili orodha yako ihesabiwe kuwa kamili, unatakiwa utumie angalau saa mbili za kutazama kwa bidii ndani ya mraba mmoja, ukijitahidi kufika kwenye kila aina ya makazi iliyomo: kama kuna mikoko, ufike mikokoni, kama kuna kinamasi, mashamba ya minazi na kipande cha msitu, huko kote ufike. Baada ya saa hizo mbili unaweza kuendelea kuongeza ndege wapya katika orodha hiyohiyo, lakini isizidi siku tano tangu uianze. Kila aina huandikwa mara moja tu, kwa mfuatano ule uliowaona. Na waliosikika bila kuonekana nao wamo. Dudumizi anayelia kichakani alfajiri, ambaye wazee wetu husema anabashiri mvua, huna haja ya kumfuata miibani umtie machoni. Ukimjua kwa sauti, mwandike.

Mtu atauliza: kwa nini masharti yote haya, na mimi nimetaka tu kusema kwamba nimemwona furukombe? Jibu liko katika hesabu inayofanywa baadaye. Orodha zinapokusanyika katika mraba mmoja, huulizwa kwamba kati ya hizo zote, ni ngapi zinamtaja ndege fulani. Tuseme kwa mfano kuna orodha 20 na ndege huyo yumo katika 5. Tunapata asilimia 25. Baada ya miaka kumi tukapata orodha nyingine 20, na safari hii yumo katika moja tu. Hapo tunajua jambo limetokea, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyemhesabu ndege yule akasema walikuwa wangapi. Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: kila aliyeandika orodha awe ameandika wote aliowatambua. Ukiniachia nje shomoro kwa sababu unamwona kila siku jikoni kwa mama, basi kutokuwemo kwake katika orodha yako hakuniambii chochote. Sijui kama hakuwepo au ulimdharau.

Hapa ndipo waongoza wageni wenzangu wanapokwazika, nami nasema haya kwa mapenzi kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha. Tumezoea kumtafutia mgeni ndege asiyemwona kwao. Mgeni ametoka mbali kumwona bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, anayepatikana katika msitu huu na katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki kule Tanzania, na sehemu nyingine ni chache mno. Tunamfikisha kwa bundi, anapiga picha, anafurahi, na simu inaandikwa bundi. Njiani tumepita ndege arobaini ambao hakuna aliyewaandika. Kwa pochi ya mwongozaji siku hiyo imekwenda vizuri. Kwa ramani, tumeandika jambo ambalo lilikuwa likijulikana tangu miaka ya 1960.

Mchukueni kunguru wa India, yule ambaye huku pwani wengi humwita kurabu. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, akazaana, akavuka, na leo hakuna mji wa pwani yetu usio na kelele zake. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na mwenye kufuga kuku hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa kiasi cha milioni moja. Je, tutajuaje kama wamepungua? Tutajuaje kama wanaendelea kusonga kuelekea bara kwa kuifuata barabara kuu? Njia ya kweli ni kuwa na orodha nyingi kutoka miraba mingi, mwaka baada ya mwaka, ambamo kunguru ameandikwa pale alipokuwepo na hakuandikwa pale asipokuwepo. Mwalimu wa shule ya msingi aliye kilomita 40 kutoka baharini, akiandika orodha kamili isiyo na kurabu hata mmoja, ametoa habari kubwa kuliko mimi nikiandika kwamba wako Malindi sokoni.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na vijana wa Dakatcha. Kuna ndege wa jamii ya mnana, mwenye rangi ya njano na nyeusi, anayejulikana kisayansi kama Ploceus golandi, ambaye duniani kote yuko katika kaunti hii yetu peke yake. Makundi yake huonekana Arabuko-Sokoke miezi fulani, kisha hupotea. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kisayansi aliyewahi kuona kiota chake. Tulikuwa na ndege asiye na nyumba. Kiota kilipatikana mwaka 2013, katika kinamasi chenye nyasi huko Dakatcha, mahali ambapo huenda mchungaji alikuwa akipita kila msimu bila kujua kwamba kuna watu wanapatafuta. Nisiwadanganye: hakikupatikana na simu. Walikipata watu waliotembea kwa miguu yao wakakubali kulowa. Lakini fikirini ingekuwaje kama kwa miaka thelathini kabla ya hapo tungekuwa na orodha kamili za kila mwezi kutoka pande zote mbili, za Arabuko na za Dakatcha. Miezi ile ya kimya upande mmoja na miezi ya kelele upande wa pili ingekuwa imeandikwa wazi, na safari ya kukitafuta kinamasi ingekuwa fupi zaidi.

Sasa niseme juu ya makosa, na nitaanza na langu. Siku moja nilikuwa Mida, jua kali, kioo cha simu hakisomeki, nikamwona kitwitwi mmoja anayetikisa mkia pembeni mwa maji. Jina lake la Kiingereza katika programu linaanza na Common, kisha Sandpiper. Nikachapa herufi zangu, nikagusa, nikaendelea. Jioni nilipoisoma orodha nikajikuta nimemrekodi Common Scimitarbill, ndege mweusi mwenye mdomo uliopinda kama jambia, anayechokoa wadudu katika magome ya miti mikavu, na nimemweka katikati ya tope akiwa amezungukwa na kaa. Majina hayo mawili hufuatana kwa alfabeti, na kidole changu kilikuwa na jasho. Kilichonitisha ni kwamba hakuna aliyenishtua. Ukirekodi ndege asiyejulikana kabisa katika eneo lako, utaulizwa maelezo kabla hajakubaliwa. Huyu alikuwa anapatikana pwani, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi akapita. Tangu siku hiyo silali kabla sijaisoma orodha yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na nawaomba nanyi mfanye hivyo kabla ya kutuma.

Kosa la pili ni letu Waswahili hasa, na mtengenezaji wa programu hawezi kulijua. Wengi wetu bado tunabeba daftari, jambo ambalo mimi binafsi nalipenda, kwa sababu daftari haliishiwi chaji. Lakini mtu anaandika daftarini kwamba saa 1 alimwona mdiria, kisha usiku anaingiza kwenye simu saa 1, na simu inaelewa kuwa ni usiku wa manane baada ya kupita saa sita. Tumepata midiria wanaovua gizani. Ukiandika kwa mkono, chagua moja na uiandike juu ya ukurasa: saa ya Kiswahili au saa ya simu. Kisha badilisha kwa uangalifu, au waachie walio na macho mazuri kazi ya kuingiza.

La tatu ni mipaka. Mstari wa pentadi haufuati mto wala ua wa shamba. Longitudo ya digrii 40 Mashariki, kwa mfano, inapita karibu sana na hapa Watamu, nayo ni mpaka wa miraba. Mtu anayetembea ufukweni huku akipiga gumzo anaweza kuuvuka bila kuhisi lolote. Programu itamwonyesha, ila ni lazima aitazame. Ukivuka, umeanza mraba mwingine, na ndege wa huku wasichanganywe na wa kule.

Niseme pia kuhusu sauti. Kuna programu zinazosikiliza ndege na kukutajia majina, na zimewasaidia watu wengi kujifunza. Zitumieni kama mwalimu msaidizi. Lakini vichakani mwa pwani yetu kuna ndege mdogo wa rangi ya chungwa ambaye anaweza kuiga sauti za ndege wengine hadi mwongozaji mzoefu akageuka kumtafuta tai asiyekuwepo. Kama mimi ananidanganya, sioni kwa nini simu isidanganyike. Jina linalotajwa na simu lisiingie katika orodha mpaka wewe mwenyewe uwe umeridhika kwa macho au kwa masikio yako.

Jambo moja ambalo simu haitakuandikia ni maji. Huandika saa na mahali, lakini haijui kama ni bamvua au maji mafu, kama bahari inakupwa au inajaa. Sisi tunajua. Mla kaa yule mweupe mwenye mgongo mweusi, Dromas ardeola, anayechimba shimo la kiota katika mchanga wa visiwa na fukwe za Oman na Ghuba kisha akaja kwetu nje ya msimu wa kutaga, hutawanyika mbali sana maji yanapokupwa, na utamwona kama nukta nyeupe upande wa pili wa tope. Maji yakijaa, makundi husogezwa na bahari yenyewe hadi karibu na mikoko, na hapo utamwona kwa raha. Watu wawili wanaweza kutumia saa mbili kamili mahali pamoja, tarehe ileile, wakarudi na orodha zisizofanana hata kidogo kwa sababu mmoja alikwenda saa mbaya ya maji. Ndiyo maana nasema mvuvi aliyefundishwa kutumia programu atamshinda mtaalamu aliyetoka mbali. Pale penye nafasi ya maelezo, andikeni hali ya maji.

Kuhusu majina ya ndege nina manung'uniko kidogo, mniwie radhi. Kiswahili chetu kinamwita kitwitwi kila ndege mdogo anayekimbia pwani, na mtazamaji anatakiwa atenganishe aina nyingi, baadhi yake zikiwa zimesafiri kutoka Siberia. Kwa hiyo hatuna njia ya kukwepa kujifunza majina ya Kiingereza na ya kisayansi. Hata hivyo, nawasihi walimu, pembeni mwa daftari muandike jina analolitumia bibi wa mtoto kwa Kigiriama au kwa Kiswahili cha kwao, kabla wanaoyajua hawajaondoka. Hakuna programu itakayotukusanyia hayo.

Wapo watakaouliza juu ya eBird, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani tangu mwaka 2002, na kama ni dhambi kuitumia. Si dhambi hata kidogo. Yenyewe hutaka idadi ya ndege, muda na umbali uliotembea, na mwishoni hukuuliza kama umeandika ndege wote uliowatambua. Ni swali lilelile ninalolirudia tangu nisimame. Kwa ramani ya Kenya mimi napendelea utaratibu wa pentadi. Anayependa kuhesabu kila kichwa ataifurahia zaidi ile nyingine.

Mwisho nina ombi zito kwa waongoza wageni. Mahali bundi wa Sokoke anapolala mchana pasitangazwe. Orodha ya atlasi hutaja mraba, na mraba wa kilomita 9 kwa 9 haumfikishi mtu kwenye tawi. Lakini simu yako imehifadhi nukta yenyewe, na ukiichukua picha ya skrini ukaituma katika kundi la marafiki mia mbili, kesho watu watakuwa chini ya mti ule wakimchezea sauti za kumwita. Bundi akiuhama mti huo, sisi ndio wa kwanza kukosa cha kumwonyesha mgeni. Hali kadhalika viota vya tai na vya furukombe: nukta ibaki kwako.

Kesho tutaanza mapema ili tuyakute maji yakiwa yanajaa, na nitawaonyesha hivyo vitufe vilivyoahidiwa. Njooni na chaji kamili, na programu iwe imeshapakuliwa huku mjini, kwa sababu kule Mida sitaki kuona watu thelathini wakigombania mtandao wa mtu mmoja. Karatasi ya kugawana miraba iko mezani karibu na mlango. Naona majina matano yamekwisha kuandikwa kwenye mraba wa Mida, na ile ya bara kuelekea Dakatcha bado mitupu. Watu wa Mida, watatu kati yenu wafute majina yao kabla ya chai.